Mfuko Ndani ya Bukta

Siku aliyotoka Ousseni kukimbia asirudi, chai yake ilipashwa moto mara tatu. Mara ya kwanza Batoul aliipasha kwa mazoea tu, maana mumewe alikuwa na tabia ya kusimamishwa njiani na wazazi wa wanafunzi wake. Mara ya pili aliipasha huku sikio liko kichochoroni. Mara ya tatu jua lilikwisha panda juu ya mapaa ya Badjanani, mtaa wao mjini Moroni, naye akaiacha jikoni hata ikaanza kutokota.

"Utaiunguza," mama yake, Djouhara, alisema kutoka kwenye mkeka.

"Acha iungue."

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa tisini na tisa. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na Komori kwa karibu miaka miwili, na wiki hiyo redio ilitangaza kwamba wajumbe wake wamekataa kutia saini mkataba wa kuvirudisha visiwa pamoja. Tangu hapo Moroni ilikuwa inachemka. Vijana walipita mitaani wakipiga kelele kwamba kila Mdzuani, mtu wa Nzwani, arudi kwao. Ousseni alizaliwa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa hicho cha Nzwani. Alikuwa amekaa Moroni, kisiwani Ngazidja, miaka kumi na sita, akifundisha michezo shuleni, na watu walimwita Fundi, kama waalimu wote wanavyoitwa huko.

Alfajiri ya siku ile Batoul alimkuta akifunga kamba za raba.

"Leo usiende, baba Chifaou. Hukuisikia redio?"

"Nimeisikia. Imesema wajumbe hawakutia saini. Mimi si mjumbe, na kalamu nimeiacha shuleni."

"Usinifanyie mzaha."

"Nikijifungia leo, kesho watauliza ninaficha nini. Barabara ile wananijua mpaka mbuzi."

Djouhara, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwa akisema na mkwewe uso kwa uso, aliuambia ukuta: "Mtu akishikilia kwenda, basi aende na karatasi yake."

Ousseni alijipapasa kiunoni, akahisi kitu kigumu ndani ya bukta yake ya buluu. Akamtazama mkewe. "Mmenivisha hirizi?"

"Ni kitambulisho. Nimekushonea mfuko."

"Hirizi ya serikali, basi!" Akacheka, akainama chini ya kizingiti, akatoka.

Mfuko ule ulishonwa jana yake baada ya alasiri, na ulikuwa wazo la Djouhara. Bibi huyo alikuwa mmoja wa Wakomori waliookolewa Majunga, Madagaska, baada ya watu wao kuuawa mitaani, wakaletwa nyumbani kwa ndege mwaka wa sabini na saba. Jambo moja alilirudia tangu siku hiyo kama mtu anayesoma juzuu: mwenye karatasi alipanda, asiye na karatasi alibaki kambini akihesabu ndege zikiondoka. Batoul alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Alikumbuka vyema fundo la leso ya mama yake, na vyeti vilivyolowa jasho ndani ya fundo lile. Kwa hiyo alipoambiwa ashone, hakubisha. Alikata kipande cha foronya, akakishona kwa uzi maradufu upande wa ndani, akakifunga kitambulisho kwa nailoni kisije kikaharibika. Tena aliukagua mshono mara mbili.

Na siku hiyo watoto hawakumfuata baba yao, maana Djouhara aliuficha ufunguo wa mlango wa uani mpaka alipokwisha toka.

Siku nyingine zote walimfuata. Ousseni hakuwahi kuwaita. Alipokuwa peke yake alikimbia kutoka Badjanani, akashika barabara ya pwani hadi Ikoni, akagusa ukuta wa kisima mlangoni mwa mji, akarudi kabla ya kengele ya shule. Chifaou alipofika miaka tisa alianza kumfuata hadi kona ya kwanza, kwa siri, miguu mitupu. Baba yake aliisikia miguu ile nyuma yake asigeuke. Alipunguza mwendo tu. Mwaka uliofuata msichana alifika kwenye ukuta wa chokaa, mwaka uliofuata kwenye mshelisheli mkubwa, ambao ni zaidi ya nusu ya njia. Mdogo wake Anis alipoona hivyo naye akaanza. Sasa Chifaou alikuwa na miaka kumi na mitatu, Anis kumi, na Ikoni hawajafika. "Kisima hakina miguu," Ousseni alikuwa akiwaambia. "Kitawangoja."

Saa tatu asubuhi ya siku ile jirani yao Kamilia alifika mlangoni, hakuketi.

"Batoul, vaa. Wameweka kizuizi njia ya Ikoni. Wanaume wa Nzwani wanapelekwa bandarini."

*

Bandarini kulikuwa na umati wa aina mbili: wanaoondoka na wanaotazama. Wanaoondoka walikaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, wameshika masufuria na watoto. Mashua ndogo ziliwachukua kumi kumi hadi kwenye meli iliyotia nanga mbali, kwa kuwa gati lile la kale halina kina. Wanaotazama walisimama ukutani. Baadhi yao walikuwa wakila karanga.

Batoul alipenya akiita jina la mumewe. Mtu mmoja akamjibu kwa sauti nyembamba ya kuiga, "Ousseniii!" na watu wakaangua kicheko. Alimfikia askari.

"Namtafuta mume wangu. Amevaa bukta ya buluu."

"Bukta?" Askari alimtazama juu hadi chini. "Mama, watu wanahama nchi, wewe unatafuta bukta?"

"Ni mwalimu. Alitoka kukimbia."

"Basi amekimbia. Rudi kwako."

Mwanamke mmoja ukutani, ambaye Batoul alikuwa amekaa naye kwenye arusi mbili mwaka ule ule, alisema bila kumtazama, "Nani alimwambia akaolewe na mtu wa kuja? Ngazidja waume wamekwisha?"

Batoul alisimama pale hadi meli ilipong'oa nanga. Kwa umbali ule watu juu ya sitaha walikuwa madoa tu. Alirudi nyumbani bila kujua kama mumewe alikuwa doa mojawapo, au alikuwa amelala mahali fulani mtaroni kando ya barabara ya Ikoni.

Simu za Nzwani zilikuwa zimekatwa. Siku ya pili ikapita, na ya tatu. Hakuna aliyemgusa Batoul, maana kwa desturi ya Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, mume huja na sanduku lake. Na watoto ni wa ukoo wa mama. Lakini bombani ndoo yake ilisogezwa nyuma ya foleni, na aliporudi na maji alikuta mtu ameandika kwa mkaa mlangoni: *Mmoja bado wawili.* Aliufuta ule mkaa kwa upindo wa leso kabla Djouhara hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Chifaou alikuwa nyuma yake. Alikwisha kusoma.

"Mama, wawili ni sisi?"

"Ni upuuzi wa watu. Ingia ndani."

"Kwa nini hatuendi kuwauliza?"

"Kumwuliza nani?"

"Hao wa barabarani. Wao ndio wanajua baba yuko wapi."

"Chifaou, nisikilize. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwenda kwenye barabara ile."

Djouhara akadakia, "Tena msikimbie kabisa, hata uani. Majunga, mtu aliyekimbia ndiye aliyekimbizwa. Atembee, ashike ukuta, awe na karatasi yake."

"Baba alikuwa na karatasi, Koko," Chifaou alisema.

Bibi alivuta tasbihi yake. Akaanza kuhesabu uradi.

*

Siku ya nne Batoul alitoa salamu ya sala ya alfajiri, akageuka, akaona matandiko ya watoto yamekunjwa. Yamekunjwa vizuri, kingo kwa kingo, kama baba yao alivyowafundisha. Raba za Anis hazikuwepo. Na jezi ya zamani ya Ousseni iliyokuwa ikining'inia msumarini haikuwepo.

Hakumwamsha mama yake. Alinyakua nguo ya kwanza aliyoigusa, akajitanda, akatoka. Kichochoroni alitembea upesi, kama mwanamke mwenye mgonjwa. Alipoufikia msikiti wa Ijumaa wanaume walikuwa wakitoka. Aliinamisha kichwa, akaamkia, akazidisha hatua. Alipoiona barabara ya pwani mbele yake imenyooka, tupu, akasahau kwamba yeye ni mke wa mtu na mama wa watu, akaanza kukimbia.

Hakuwahi kukimbia tangu Majunga. Ndara zilimtoka, akazishika mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia kibaraza aliinua ufagio, akamwita kama anavyoitwa kila mama huko. "Bweni! Nani kafa?" Vijana wawili wenye nyavu walimpigia makofi: "Haya, haya! Fundi kaacha mrithi!" Kichomi kilimkata ubavuni kwenye ukuta wa chokaa. Kwenye mshelisheli alisimama, akashika goti, akatapika maji. Watoto hawakuwepo. Basi wameupita mshelisheli, akawaza, na katikati ya hofu yake kitu kidogo kilichofanana na fahari kilimgusa, akakionea haya.

Kizuizi kilikuwa kwenye mpindo, kabla ya nyumba za kwanza za Ikoni: magogo mawili, mifupa ya gari, matairi. Vijana kama kumi na watano walikuwa wamekaa kizembe, wengine wamelala, rungu kifuani. Hawakuwa wa Ikoni tu wala wa Moroni tu. Walitoka huku na kule. Mbele yao alisimama Chifaou, jezi ya baba yake ikimfika magotini juu ya suruali ya shule. Anis alikuwa amemshika mkono.

"Nimeuliza vizuri," Chifaou alikuwa akisema, pumzi juu juu. "Baba yangu mmempeleka wapi?"

"Sikieni kijukuu cha Nzwani kinavyotuhoji!" mmoja alisema. "Mtoto wa kike, anakimbia kama mbuzi aliyekata kamba."

"Na mama mbuzi huyo anakuja," akasema mwingine. "Tazameni nguo yake. Shiromani! Kavaa kabisa nguo yao!"

Batoul alijitazama. Alikuwa amejitanda shiromani nyekundu ya wanawake wa Nzwani, aliyoletewa na wifi yake Roukaya alipojifungua Chifaou. Haikuwezekana kuivua pale, mbele ya wanaume. Aliikaza zaidi kichwani.

"Wanangu, twendeni."

"Hawajajibu, mama."

Kijana mmoja aliinuka kutoka kwenye tairi, akatupa kijiti alichokuwa akitafuna. Batoul alimjua. Alikuwa Mourchid, alikuwa kwenye timu ya shule, na mwaka mzima alikuwa akija nyumbani kwao kula wali kila baada ya mechi.

"Bweni Batoul," alisema, macho chini. "Yuko hai. Nilimwona mimi mwenyewe akipanda mashua. Yuko Mutsamudu sasa, inshallah."

Batoul alimsogelea. Alishika mlango wa gari lile bovu. "Walimpiga?"

"Kidogo."

"Kidogo! Na wewe ulikuwa wapi, Mourchid? Wali wangu umeshakutoka tumboni?"

Wenzake wakacheka. Mourchid akaja karibu, akashusha sauti, lakini alfajiri ile kila neno lilisikika.

"Tulikwisha mpitisha, bweni. Nakuapia. Niliwaambia huyu ni wa Badjanani, watoto wake ni wetu, kila siku anapita hapa na bukta yake. Wakasema haya, apite. Alikwisha ruka gogo. Ndipo mmoja akaona kitu kimevimba kiunoni. Akadhani kisu. Akampapasa." Aligusa mfuko wa shati lake. "Kikatoka kitambulisho. Akakisoma kwa sauti mbele ya wote: mahali pa kuzaliwa, Mutsamudu. Baada ya hapo mimi ningesema nini? Wangeniita mwongo, wanipakie na mimi."

Batoul alisikia bahari upande wa kulia, ikipiga mawe meusi.

"Na kama asingekuwa nacho?"

"Kama asingekuwa nacho angepita. Fundi hakuwa akibeba kitu akikimbia. Mimi miaka mitatu nilikimbia naye, hata ufunguo hakubeba. Sijui siku hiyo ilikuwaje."

Chifaou alimwinulia mama yake uso. Siku ile ya ushonaji yeye ndiye aliyetunga uzi sindanoni, kwa kuwa macho ya Batoul hayaoni vizuri jioni. Walitazamana. Batoul angependa msichana aseme neno.

Mourchid alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa kitambulisho. Bado kilikuwa ndani ya nailoni. "Walikuwa wanataka kukichoma. Nikakificha. Chukua."

Batoul alikipokea, akakishika kiganjani. Picha ya Ousseni ilikuwa ya zamani, ya kijana mwenye nywele nyingi.

"Haya, mmejibiwa," alisema yule wa kwanza. "Geukeni."

Anis alikwisha kumkumbatia mama yake kiunoni. Chifaou hakugeuka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya magogo, ambako barabara ilishuka kwenda Ikoni.

"Bado sijafika," alisema.

"Hujafika wapi?" kijana akauliza.

"Kisimani. Baba hugusa kisima ndipo anarudi."

"Ebo! Hapa hapiti mtu."

"Nitarudi. Si mbali. Nyinyi hesabuni."

Vijana walitazamana, wakamtazama Mourchid, naye akamtazama Batoul, kana kwamba ndiye mwenye kizuizi. Batoul alijua alilotakiwa kufanya. Mama yeyote mwenye akili angemkamata mtoto wake mkono akamburuta hadi Badjanani. Njia ile ilikuwa na vijana wengine mbele, wala hakuwajua. Alikuwa amekwisha kumlinda mtu mmoja wiki ile kwa akili ya Majunga.

"Una nini mfukoni?" alimwuliza binti yake.

Chifaou akavuta mifuko ya suruali, akaitoa nje, ikaning'inia kama masikio. "Sina kitu."

"Nenda. Uguse, urudi. Usisimame na mtu."

Msichana akaruka gogo. Miguu yake ilisikika ikishuka kilima, halafu haikusikika. Mmoja wa vijana kweli alianza kuhesabu, kwa kejeli, "Moja, mbili, tatu," na wengine wakamfuatisha. Lakini walipofika mia kejeli iliwaishia wakanyamaza. Anis aliendelea kuhesabu peke yake, kwa sauti ndogo, uso ndani ya shiromani. Batoul alisimama wima katikati ya barabara. Hakuna aliyemkaribisha kuketi, na hata angekaribishwa asingeketi. Gari la mikate lilikuja kutoka Moroni, likasimamishwa, likapekuliwa, likapita. Anis alifika mia saba na kumi.

Chifaou alipotokea kwenye mpindo alikuwa akichechemea, uso umelowa jasho, kiganja cha kulia cheupe kwa chokaa. Aliruka gogo, akamwonyesha mama yake kiganja kile.

"Ni kisima kidogo tu," alisema. "Nilidhani ni kikubwa."

*

Kaseti ilifika baada ya wiki saba. Aliileta Hadjira, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa akifika Nzwani kwa kuzunguka kupitia kisiwa cha Mahore. Alikuwa ameifunga ndani ya doti la leso. Batoul aliweka redio kaseti katikati ya chumba, wote wakaketi kuizunguka, hata Djouhara, ambaye alijifunika kichwa kwa kuwa sauti ya mkwe ni mkwe.

Ousseni alisalimu kila mtu kwa jina. Alikaa kwa dada yake Roukaya, ndani kabisa ya mji wa zamani wa Mutsamudu. Mbavu zilikwisha kupona. "Tuliposhuka bandarini wakatuuliza vitambulisho. Mimi nilikuwa na bukta na shati la kuazima. Wakasema, huyu anasema kama mtu wa Moroni, hana karatasi, ni jasusi. Wakaniweka ndani siku mbili, mpaka Roukaya akaja na majirani kuniapia. Sasa nimetulia. Lakini bila kitambulisho sipewi kazi, na chombo chochote sipandi. Moroni hawanitaki, na hapa hawajaniamini."

Djouhara alipiga paja. "Si nilisema! Si nilisema mimi? Karatasi! Mtu asiachane na karatasi yake!"

Batoul na Chifaou hawakutazamana. Tangu siku ile ya kizuizi walikuwa wamekubaliana, bila kuambiana, kwamba Koko hatajua. Alikuwa na somo moja tu maishani, nalo lilikuwa limemvusha bahari.

"Nakimbia ngazi," sauti iliendelea. "Barabara ina wenye bunduki, basi napanda ngazi za kwenda ngomeni, nashuka, napanda tena. Watoto wa Roukaya wameanza kunifuata. Sikuwaita. Chifaou, mmefika wapi huko? Anis?"

Kaseti ikaanza kukoroma. Ilikuwa imekwisha.

Siku ya pili yake waliijibu kwa kurekodi upande wa pili. Anis alisema amefika kwenye mshelisheli bila kusimama, isipokuwa siku moja, na siku hiyo alisimamishwa na mbwa. Chifaou alisema, "Kisima nimekigusa mara thelathini na mbili, baba. Kizuizi kimeondolewa." Djouhara aliuambia ukuta kwamba anamwombea mkwewe. Halafu wote wakatoka, Batoul akabaki peke yake na mashine inazunguka. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga bombani na jikoni.

"Baba Chifaou," alisema. "Mfuko ule niliushona mimi. Mourchid ameniambia ilivyokuwa. Kitambulisho ninacho."

Akabonyeza, mashine ikazimika.

Hadjira alipokuja kuichukua kaseti, Batoul alimpa na kitambulisho. Mwanamke yule alikigeuza, akakisoma, akakirudisha.

"Kaseti nikikamatwa nitasema ni nyimbo za arusi. Hiki nitasema ni cha nani? Huku nitaambiwa nawasaidia Wadzuani, kule nitaambiwa nimemwua mwenyewe. Mwanangu, nina watoto sita. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Batoul alisema, na kweli alikuwa amemsamehe.

Mpaka sasa hakuna meli kati ya Moroni na Mutsamudu, na kaseti nyingine haijafika. Kitambulisho kiko kabatini, ndani ya nailoni yake. Watoto hutoka saa kumi na moja na nusu, baada ya sala. Chifaou hufika Ikoni, Anis siku hizi huwa anafika kwenye mpindo. Batoul huwakagua mifuko mlangoni kabla hawajatoka. Lazima iwe mitupu.